Ukishindwa kufanya kazi: mafao ya ulemavu na nafuu ya kodi kwa mkazi wa Mtwara na Lindi

Tanzania Bara haina posho ya kila mwezi anayolipwa mtu kwa sababu tu ana ulemavu. Ni vizuri kulijua hilo mapema kabla ya kula nauli ya kutoka Liwale au Nanyumbu kwenda kuuliza "pesa za walemavu zinatolewa wapi". Kilichopo ni mifuko tofauti, na kila mfuko una masharti yake. Dirishani swali la kwanza huwa ni hili: uliumia wapi, na ulikuwa unachangia wapi? Ukubwa wa ulemavu unafuata baadaye.

Chukua wabanguaji wawili wa korosho waliopoteza vidole vya mkono wa kulia. Mmoja kaumizwa na mashine ya kiwanda alichoajiriwa, mwingine kaumia uani kwake Newala akibangua korosho zake za kuuza. Jeraha ni lilelile, lakini wa kwanza ana madai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) na wa pili hana. Kwa hiyo anza kwa kujipanga: umeumia kazini, umeugua au kuumia nje ya kazi ukiwa mwanachama wa mfuko, au hukuwa umechangia popote.

Umeumia kazini

WCF unalipa ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Anayechangia ni mwajiri peke yake, kwa sasa asilimia 0.5 ya jumla ya mishahara anayolipa, na ni kosa kumkata mfanyakazi hata shilingi kwa ajili hiyo. Mafao yake ni matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, gharama za mtu wa kumhudumia aliyeumia vibaya, huduma za utengamao (kumrudisha aliyeumia kwenye uwezo wa kujitegemea na kufanya kazi), na kwa aliyefariki, mazishi na pensheni ya wategemezi.

Mahesabu yako hivi. Ulemavu wa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Wa kudumu hupimwa kwa asilimia: ukiwa asilimia 30 au chini yake unalipwa kwa mkupuo, ukizidi 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi. Mtu wa mshahara wa shilingi 500,000 akiwa bado anajiuguza anatazamia 350,000 kwa mwezi. Akipimwa na kukutwa na ulemavu wa kudumu wa asilimia 40, hesabu ya msingi ni 500,000 mara 0.7 mara 0.4, yaani 140,000 kwa mwezi. Kuna viwango vya chini na vya juu vilivyowekwa, kwa hiyo tarakimu ya mwisho utaitoa mfuko, ila hesabu hii inakusaidia kujua kama ulichoandikiwa kinaelekeana na ukweli.

Sasa siku. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa WCF ndani ya siku saba tangu alipojua kuhusu ajali au ugonjwa. Madai yenyewe yafunguliwe ndani ya miezi 12. Hapa ndipo wengi wanapoteza haki yao, na kinachowaponza mara nyingi ni neno moja hospitalini. Mgonjwa anafikishwa Ligula, au Sokoine kama yuko Lindi, au Ndanda. Anaulizwa imekuwaje, anajibu "nimeanguka". Daktari anaandika: kaanguka. Miezi sita baadaye karatasi hiyo ndiyo inayosomwa, na haisemi popote kwamba aliporomoka kutoka juu ya rundo la magunia ya korosho, ndani ya ghala, saa za kazi. Mwambie daktari mambo manne na uombe ayaandike: unafanya kazi gani, kwa nani, ulikuwa unafanya nini dakika ile, na tarehe. Kama hujiwezi, aliyekusindikiza ayaseme.

Siku hiyohiyo msimamizi aarifiwe kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha kwa kuanzia, maana una tarehe na saa, na usiufute. Omba pia ajali iandikwe kwenye daftari la ajali la sehemu ya kazi, kisha piga picha ukurasa huo.

Jihadhari na "tumalizane wenyewe". Mwajiri analipa bili ya hospitali, anakupa laki mbili za kujikimu, anaomba mambo yasiende mbali. Kwa kawaida kinachomtisha ni michango ambayo hajaleta. Bili inafunika kidonda cha leo, lakini haifunikii mkono ambao hautakunjika tena, na siku ukigundua kwamba haukunjiki miezi 12 inaweza kuwa imeshapita. Pokea matibabu, shukuru, na taarifa ipelekwe vilevile. Mwajiri akikataa, nenda mwenyewe kwa Afisa Kazi wa mkoa au WCF.

Kwa vibarua wa msimu wa korosho, wakuli wa maghala makuu na wapakiaji wa bandarini: kukosa mkataba wa karatasi hakukufanyi usiwe mfanyakazi. Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba ulikuwa ukifanya kazi kwa huyo mtu na kulipwa naye. Jina kwenye daftari la mahudhurio, ujumbe wa malipo kwenye simu, kitambulisho cha getini, wenzako wawili waliokuwa zamu moja na wewe. Vikusanye mapema kabla msimu haujaisha na watu kurudi makwao, kwa sababu ukifika Februari hutampata mtu.

Magonjwa ya kazi ni magumu zaidi kuthibitisha kuliko ajali. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na vumbi la saruji na la mawe linaharibu mapafu polepole. Mtu anatibiwa zahanati tano tofauti kwa miaka mitatu, kila moja ikiandika "muwasho" au "kikohozi", na hakuna hata moja iliyouliza anafanya kazi gani. Chagua kituo kimoja, rudi hapohapo, ili faili lioneshe mwenendo: tatizo linazidi msimu wa kazi, linapungua ukipumzika.

Ugonjwa au ajali nje ya kazi

Kabla ya pensheni kuna likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, 63 za pili kwa nusu mshahara, na cheti cha daktari ni lazima. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa kawaida hana likizo ya malipo, lakini sheria imemtaja mfanyakazi wa msimu kuwa anastahili. Waajiri wengi wa korosho hawalisemi hilo.

Ikionekana hutarudi tena kazini, unaingia kwenye pensheni ya ulemavu. Walio sekta binafsi wako NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Watumishi wa umma wako PSSSF, mfuko ulioanza Agosti 2018 baada ya mifuko minne kuunganishwa, na kwao mchakato huanzia kwa mwajiri anayempeleka mtumishi kwenye bodi ya madaktari. Yafuatayo ni ya NSSF.

Masharti ni haya: uwe hujafika miaka 60, uwe umepoteza theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato, kwa uamuzi wa bodi ya madaktari, na uwe na michango ya miezi 180, au angalau miezi 36 ambayo kati yake 12 iwe imelipwa karibu kabla ya ulemavu. Usiposhika sharti la michango, unalipwa mkupuo mara moja badala ya pensheni.

Sharti la miezi 12 ndilo linalowaangusha watu. Mtu kachangia miaka minne akiwa mlinzi wa kampuni, kuanzia Januari 2018 hadi Desemba 2021. Kazi ikaisha, akaingia kwenye bodaboda bila kuchangia chochote. Mwaka 2025 anapigwa na kiharusi. Ana miezi 48, anazidi 36, lakini hana mchango wa karibuni hata mmoja. Pensheni ya mwezi hapati. Mwanachama anayeacha ajira anaweza kuendelea kuchangia kwa hiari, na kwa mwenye kazi ya hatari kama boda au uvuvi tunaona ni pesa inayostahili kutolewa kabla ya hata kununua kiwanja.

Sababu ya pili ya watu kukosa pensheni ni michango iliyokatwa kwenye mshahara isifike kwenye mfuko. Angalia taarifa yako ya michango sasa hivi, ukiwa mzima, kwa simu au dirishani. Ukiona miezi iliyorukwa, peleka hati za mshahara zinazoonesha makato ya miezi hiyo. Usisubiri uwe kitandani ndipo uanze kumtafuta mhasibu aliyehama zamani kwenda Arusha.

Ripoti ya daktari

Bodi haikujui. Inasoma. Ripoti nyingi zinakwama kwa sababu zinataja ugonjwa bila kusema ugonjwa huo umemzuia mtu kufanya nini. "Mgonjwa ana kisukari, amekatwa mguu wa kushoto" ni kweli, lakini karani wa mezani naye anaweza kukatwa mguu akaendelea na kazi. Bodi inatafuta uhusiano wa mwili huu na kazi hii.

Ripoti inayosaidia inakwenda hivi: alikuwa kuli wa ghala, kazi yake kubeba magunia ya kilo 80 siku nzima, mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti tarehe fulani, anatembea kwa magongo mawili, hawezi kusimama zaidi ya robo saa, hawezi kubeba mzigo wowote akiwa anatembea, kidonda kimepona na hali hii ni ya kudumu, elimu yake ni darasa la saba na hana ujuzi mwingine wa kazi. Daktari hatajua nusu ya hayo usipomwambia. Yaandike kwenye karatasi nyumbani, mpe akiwa anaandika. Usiongeze chumvi: ukisema huwezi kutembea kabisa na bodi ikakuona ukishuka kwenye daladala, hata yaliyo kweli hayataaminiwa.

Wakati nao una maana. Ukipimwa mapema mno, wakati jeraha bado linapona, utapewa asilimia ya muda au utaambiwa urudi. Subiri daktari aseme kwamba hali imefika mwisho wa kupona kwake, ndipo uombe kipimo cha kudumu. Huko kusubiri kusikufanye uchelewe kufungua madai. Fungua kwanza, kipimo kitafuata.

Halafu majina. Huku kwetu Selemani wa cheti cha kuzaliwa anakuwa Suleiman wa NIDA na Seleman wa NSSF, na jina la babu liko kwenye benki tu. Kila herufi inayotofautiana ni safari moja zaidi. Linganisha kitambulisho cha taifa, kadi ya uanachama, akaunti ya benki na faili la hospitali kabla hujapeleka chochote. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa kiapo mahakamani au kwa wakili. Ukiwa umebadili jina kabisa, itahitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Na akaunti ya benki iwe hai, kwa sababu fao likitumwa kwenye akaunti iliyolala linarudi, na kurudishwa tena kunakula wiki nyingi.

Usiandike barua ya kuacha kazi

Mwajiri mwingine humwambia mgonjwa, kwa sauti ya upole kabisa, "andika tu barua ya kuacha, tukufanyie haraka mambo yako". Ukiandika, umeacha mwenyewe. Fao la kukosa ajira la NSSF, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia miezi 18 au zaidi, halimhusu aliyeacha kwa hiari yake. Unajivua pia hoja ya kwamba uliachishwa isivyo halali.

Mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa sababu ya ugonjwa au majeraha ana hatua za kufuata: kuchunguza kiasi cha tatizo, kumsikiliza mhusika, na kutafuta kama kuna kazi nyingine anayoiweza au namna ya kumrekebishia mazingira. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu, kwa hiyo kumhamisha kuli kuwa mhesabu magunia si fadhila ya ajabu. Wakikuachisha bila hatua hizo, shauri lifunguliwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Na aliyeachishwa kwa kukosa uwezo wa kiafya anadai pia kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa kazi, hadi miaka kumi, mradi amefanya kazi kwa mwaka mmoja au zaidi na hakukataa kazi mbadala aliyopewa.

Hukuchangia popote

Mkulima aliyeanguka kutoka kwenye mkorosho wake, mvuvi wa Kilwa, mama lishe. Hapa milango ni michache.

TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, huangalia umaskini wa kaya. Ulemavu peke yake haukuingizi kwenye orodha. Ila kaya maskini isiyo na mtu mwenye nguvu za kufanya kazi hupewa ruzuku bila kutakiwa kwenda kwenye ajira za muda. Majina hutajwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa katika vipindi maalumu vya utambuzi, si siku yoyote unayokwenda ofisini. Kwa hiyo mtu wenu awepo siku ya mkutano. Kabla ya hapo hakikisha mtendaji wa kijiji amekuandika kwenye rejista ya watu wenye ulemavu na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ana taarifa zako. Barua ya afisa huyo ndiyo itakayokufungulia pia msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali.

Asilimia mbili ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, isiyo na riba. Ni mkopo, unarudishwa. Kwa mtu asiyejiweza kabisa hautamsaidia. Unamfaa anayeweza kuendesha kibanda au cherehani.

Aliyegongwa, au abiria wa boda iliyoanguka, ana mlango ambao wengi hawaugusi: bima ya mtu wa tatu ya chombo husika. Namba ya chombo na stika ya bima vipigwe picha palepale kwenye ajali. Fuata PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), ramani ya ajali na matokeo ya kesi ya barabarani polisi, kwa sababu kampuni ya bima haitakusikiliza bila hivyo.

Kodi

Hapa Bara mwenye ulemavu hapewi unafuu wa jumla kwenye kodi ya mshahara. Kinachomsaidia asiyejiweza ni vitu vidogo vinavyoachwa mezani.

Kwanza, kodi ya mshahara haikatwi kwa kiasi kisichozidi 270,000 kwa mwezi baada ya kutoa mchango wa mfuko wa jamii. Mtu wa 500,000, akishatoa 50,000 za NSSF, anabaki na 450,000, na kodi yake ni asilimia 8 ya 180,000 iliyozidi, yaani 14,400. Akiingia kwenye nusu mshahara wa likizo ya ugonjwa, analipwa 250,000, anatoa 25,000, kinabaki 225,000. Kodi ni sifuri. Wahasibu husahau kubadili, kwa hiyo soma hati ya mshahara ya mwezi wa kwanza wa nusu mshahara.

Anayefungua genge baada ya kuumia, mauzo yake yasipozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, hana kodi ya mapato ya kulipa. TIN, yaani namba ya mlipakodi, bado anaihitaji.

Vyombo na vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa mtu mwenye ulemavu, likiwemo gari, vina msamaha wa ushuru wa forodha chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki. Gari la kawaida halihesabiwi kwa sababu tu mwenye nalo ni mlemavu, na aliyewahi kupata msamaha wa gari husubiri miaka minne. Omba kabla mzigo haujafika bandarini. Ukishalipa ndipo uombe, umejitafutia kazi.

Mwisho, kodi ya majengo. Nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kila mwezi kupitia LUKU. Nyumba moja anayoishi mwenyewe mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, au mzee wa miaka 60 na kuendelea, imesamehewa, lakini mita haijui umri wako wala afya yako: itakata mpaka uombe. Anzia kwa mtendaji wa mtaa akupe barua inayosema nyumba ni yako, unaishi humo na huna kipato. Ambatanisha kitambulisho, uthibitisho wa ulemavu na namba ya mita, upeleke kwa wanaosimamia kodi hiyo kwenye wilaya yako. Ukiwa umepangisha vyumba viwili vya mbele, hoja ya kutokuwa na kipato haitasimama. Na kama mita bado ina jina la marehemu baba, shughulikia jina kwanza. Mwezi unaofuata nunua umeme, usome risiti ya tokeni mstari kwa mstari. Ukiona kodi ya majengo bado imekatwa, rudi na risiti hiyo.